Jenereta ya Kumrudisha Bi Ohn Khet

Ukimuuliza mtu wa kijiji chetu cha Tanaungkon nyumba ya Mzee San Kywe iko wapi, hatakuonyesha kwa kidole. Atakwambia, "Nenda mpaka usikie mtu anatukana chuma." Nawe ukienda utamkuta. Yuko chini ya nyumba yake ya nguzo, amekaa kwenye gogo, mguu mmoja ameunyoosha maana haukunjiki, na mbele yake ipo pampu ya maji ya mtu, imefunguliwa matumbo. Anaisema ile pampu kama mama anavyomsema mtoto aliyechafua nguo ya sikukuu.

Hakuzaliwa fundi. Ujana wake wote alikuwa mgema. Alipanda mivumo, ile miti mirefu ya jamii ya mnazi, thelathini asubuhi na hiyo hiyo thelathini jioni, vyungu vimemning'inia kiunoni, na mkewe, Bi Ohn Khet, alikaa chini bandani akiyachemsha maji ya mvumo mpaka yawe sukari guru. Siku moja ngazi ya mwanzi ilikatika. Nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Alipoamka kitandani baada ya miezi minne, mtu wa jirani alimletea injini ya pampu iliyokufa, si kwa kumwamini, kwa kumhurumia tu, apate kitu cha kuchezea. Akaichezea siku mbili, ikawaka. Tangu hapo hakupanda tena mti.

Mkewe yeye hakuacha kazi. Alinunua maji ya mvumo kwa wagema wengine, akaendelea kuchemsha. Banda la kuchemshia kwetu ni la makuti, paa linakugusa utosi, ndani jiko refu la udongo lenye makarai manne kwa mstari, na moshi hauna pa kwenda isipokuwa kifuani mwa mpishi. Alikaa humo miaka thelathini na mmoja. Tukimtania kuhusu macho yake mekundu alisema, "Niacheni. Wenzangu wanajipaka poda, mimi najipaka moshi." Hawakujaliwa watoto. Walikuwa wawili tu, na kelele zao za kubishana zilitosha nyumba ya watu kumi.

Mimi nakaa ng'ambo ya njia, nina trekta dogo na trela lake. Ndiyo maana haya niliyaona.

Kikohozi kilimwanza Bi Ohn Khet kidogo kidogo. Mwaka ule, majira ya joto yalipokaribia, kikamshinda. Tukampeleka mjini hospitali, mwendo wa saa nne kwa trekta langu. Wakamwekea mpira wa hewa puani, uso wake uliokuwa wa kijivu ukarudi kuwa uso wa mtu. Daktari, kijana mpole, akatuita pembeni.

"Mapafu yamechakaa," alisema. "Hayaponi. Lakini kwa hewa ya mashine anaweza kukaa. Wiki kadhaa, labda miezi. Mashine yenyewe kipo chama cha misaada hapa mjini, kinaazima bure. Sharti lao moja: nyumbani kwa mgonjwa pawe na umeme, usiku na mchana."

Mzee San Kywe akanitazama. Tanaungkon nguzo za umeme zilisimikwa zamani, mbuzi wanajikunia. Waya haujafika mpaka leo. Tuna vioo vya jua vya kuwasha taa mbili na kuchaji simu, basi. Mashine ile ingevinywa vyote kwa pumzi moja.

Sasa hapa lazima niseme jambo la kwetu, ambalo si mimi niliyelianzisha wala si Mzee San Kywe. Mtu akifia nje ya kijiji, haingii tena. Maiti yake haipiti langoni. Inazungushwa nyuma ya ua wa miiba, moja kwa moja makaburini, na nyumba yake haimwoni. Wakubwa husema kijiji kitaugua. Bi Ohn Khet alizaliwa palepale, aliwaona waliozungushwa hivyo, na alijua. Alipoona kitanda cha hospitali kimeanza kuchukua umbo la mgongo wake, akamvuta mumewe mkono.

"We mzee. Mimi usije ukaniacha nipitishwe nyuma ya ua kama mzoga wa ng'ombe."

"Nani kakwambia unakufa?"

"Kifua changu kimeniambia. Nataka nilale kwangu, juu ya mkeka wangu, niangalie matundu ya paa."

"Matundu nilishayaziba."

"Muongo! Hujaziba hata moja."

Akacheka, na kicheko kikamkaba, nesi akaja mbio akatufukuza.

Njiani kurudi tukafika kwenye mashamba ya karanga. Ndipo Mzee San Kywe akasema, "Mdogo wangu, nitaunda jenereta." Kama mtu anayesema atafunga mbuzi.

Za dukani tuliziangalia mjini, tukaziangalia vile watu wanavyoangalia dhahabu za mke wa tajiri. Zile ndogo za petroli tungeweza kujikusanya tukanunua, lakini yeye alizikataa: "Hizo ni za harusi. Zinalia kwa saa tano tu, zinakufa. Mimi nataka ya dizeli, inayokula kidogo na kulala macho. Tena iwe nyepesi, watu wanne waibebe, maana itakwenda kumchukua." Mashine ya hewa haikuwa na betri, na mitungi ya oksijeni wiki zile haikupatikana hata kwa mwenye fedha. Kama Bi Ohn Khet angerudi, jenereta lingerudi naye kwenye trela hilohilo.

Injini aliipata kwa mama mmoja muuza vyuma chakavu, kando ya barabara kuu. Ya silinda moja, ya kupozwa kwa hewa, imelala kwenye matope nyuma ya kinu cha mpunga tangu mafuriko ya mwaka juzi. Pistoni imeganda ndani kama jino. Yule mama akataja bei, Mzee San Kywe akacheka kwa adabu.

"Mama, hii si injini. Hili ni jiwe lenye bolti."

"Basi niachie jiwe langu."

"Nina makarai matatu ya chuma, mazito, yamechemsha sukari miaka thelathini. Hayana tundu."

Yule mama akamsogelea. Karai zito la namna hiyo siku hizi halitengenezwi. "Na mwenye makarai kakubali?"

"Mwenye makarai," alisema Mzee San Kywe, "hachemshi tena." Na hapo nilimwona kwa mara ya kwanza akigeuza uso, akajifanya anatema mate ya tambuu.

Siku tatu injini ilikaa imejazwa mafuta ya taa kwenye silinda, na kila asubuhi aliigonga pistoni kwa kipande cha mti, taratibu, akiibembeleza na kuitukana. Siku ya nne ikasogea upana wa ukucha. Akaitoa, akasugua ringi, akasaga vali kwa mchanga laini uliochanganywa na mafuta, akaizungusha nozeli mkononi mpaka ikatema dizeli kama ukungu badala ya matone. "Ikitema matone ina mafua," alinieleza. "Ikitema ukungu, imepona."

Ikabaki dainamo. Mkuu wa kijiji chetu, Mzee Bo Gyan, aliwahi kuwa na banda la sinema zamani, watu wakilipa kuangalia filamu za mapigano, na dainamo lake lilikuwa bado stoo, kuku wanatagia. Mzee Bo Gyan ni mtu wa sheria. Ukichelewesha zamu yako ya kusafisha kisima anakuja mlangoni. Lakini dainamo alilitoa bila maneno mengi, isipokuwa haya:

"San Kywe, hilo halijatoa umeme tangu meno yangu yote yapo. Ukiliamsha nakula kandambili zangu."

"Chagua ya kushoto, mkuu. Ya kulia umekanyagia kinyesi cha kuku."

Alivifunga vyote viwili juu ya fremu ya vyuma vya lile banda la sinema. Umeme wa kuchomelea hatukuwa nao, kwa hiyo kila kiungo alikikaza kwa bolti, na chini ya kila mguu akaweka kipande cha tairi ili kinywe mtikisiko. Mianzi miwili minene ikapita pembeni kama vishikio vya machela. Injini ile hupenda mizunguko elfu mbili na mia mbili kwa dakika, dainamo linataka elfu moja na mia tano tu, basi kwenye injini akaweka puli ya inchi nne na kwenye dainamo ya inchi sita, na mkanda katikati. Hesabu hiyo aliipiga kwa mkaa kwenye nguzo ya nyumba. Bomba la moshi alilipinda likatazama juu na nyuma, akalirefusha tena na tena. Nilimwambia limetosha.

"Halijatosha," alisema. "Mwanamke yule moshi wake ameshamaliza."

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, akapiga hendeli. Injini ikakohoa, ikashika, ikaanza kunguruma. Taa aliyoifunga kwenye waya haikuwaka. Mita ikaonyesha volti tatu. Nusu ya kijiji ilikuwa imekusanyika, na Mzee Bo Gyan alikuwa mbele.

"Kandambili zangu zimepona," alisema.

Mzee San Kywe alikuwa ameshaiinamia injini. Alizima, akakaa kwenye gogo lake, akatafuna tambuu moja mpaka ikaisha. Kisha akasema peke yake, "Limekaa sana. Limesahau sumaku yake." Akaomba betri ya pikipiki, akawasha tena injini, akagusisha waya mbili za betri kwenye nyaya za dainamo, kwa muda wa kufumba jicho tu, akaziondoa.

Taa ikawaka. Haikuwaka polepole, iliwaka paa! Watoto wakapiga mayowe, mbwa wakakimbia. Akazungusha kishikio cha mafuta mpaka mita ikasimama kwenye mia mbili na ishirini, akapaka alama nyekundu pale kishikio kilipoishia. Mzee Bo Gyan alivua kandambili ya kushoto, akaiangalia, akasema, "Nileteeni chumvi na pilipili." Siku hiyo tulicheka. Nakumbuka vizuri kwamba tulicheka.

Nikamwambia, "Mzee, nijaze mafuta, kesho alfajiri twende."

Ndipo akaja dada yake Bi Ohn Khet, Bi Ohn Myaing, na kalenda imekunjwa kwapani. "Shemeji, kesho siyo. Kesho ni siku mbaya ya mwezi huu. Siku ya namna hiyo mtu haanzi safari, sembuse kuhamisha mgonjwa. Unataka kumleta au unataka kumuua?"

Mzee San Kywe, jamani, miaka yote alitucheka. Watu walimwomba asifungue pampu zao siku mbaya, naye akisema, "Injini haijui leo ni siku gani." Nilimngoja aseme hivyo. Badala yake alichukua kalenda, akaifuata mistari kwa kidole chenye grisi, akaifuata tena. Kidole kikaacha doa jeusi juu ya ile tarehe.

"Mzee," nikasema, "si wewe ndiye..."

"Injini ni injini," alinikata. "Huyu ni Ohn Khet." Akarudisha kalenda. "Kesho kutwa. Hata hivyo lazima niijaribu siku nzima. Siwezi kumfungia mke wangu kwenye kitu kilichowaka dakika kumi."

Na kweli siku ile mbaya aliijaribu kutwa, taa sita zimefungwa. Haikutetereka. Jioni Bi Ohn Myaing alimletea wali na majani ya chai yaliyochachushwa, akala kidogo, akisikiliza.

Kesho yake tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, saa tatu tukawa hospitali. Bi Ohn Khet alikuwa amepungua sana kwa zile siku. Midomo ilikuwa ya bluu hata na mpira puani. Daktari alimtazama, akatutazama, akasema, "Jana alikuwa na nguvu kidogo. Leo... safari ni ndefu. Mna uhakika?" Yeye mwenyewe akajibu toka kitandani, "Mwanangu, mimi ndiye mwenye uhakika."

Watu wa chama walileta mashine, nyeupe, ndogo kama kabati la kitandani, yenye taa ya kijani. Tukaunganisha. Jenereta tulilifunga nyuma kabisa ya trela, godoro mbele, mwavuli juu, magunia ya pumba pembeni asitikisike. Alipolazwa aliliangalia lile dude likinguruma.

"Hayo ndiyo makarai yangu?"

Mzee San Kywe akababaika. "Nani kakwambia?"

"Dada. Yote manne?"

"Matatu. Moja nimekubakishia."

"La nini?"

"La kuchemshia hayo maneno yako."

Akatabasamu. Akasikiliza injini kwa muda. "Halikohoi," alisema. "Linapumua kuliko mimi. Umejitahidi, mzee."

Niliendesha kama mtu aliyebeba maji kwenye sinia. Kila shimo nililipita kwa pembeni. Kila nikigeuka namwona Mzee San Kywe amekaa kwenye mbao za trela, mguu wake mbovu ameunyoosha, mkono mmoja kwenye kiganja cha mkewe, mwingine kwenye fremu ya jenereta, anahisi mtikisiko wake. Mara mbili alinipigia ubao nisimame, akaongeza dizeli. Mara moja nikasikia mkewe akiuliza, "Mivumo bado?" naye akamjibu, "Bado kidogo, baada ya mto." Mto wetu majira hayo ni mchanga mtupu. Tuliufikia saa saba na nusu.

Katikati ya mchanga matairi yalizama, nikatia gia nzito, tukapanda ukingo taratibu, na mivumo ya kwanza ikaonekana. Nikageuka nimwambie Bi Ohn Khet kwamba mivumo yake hiyo hapo. Kichwa chake kilikuwa kimelalia upande. Mpira ulikuwa puani. Taa ya kijani ilikuwa inawaka, mashine inapuliza, shii, shii, injini inakwenda mwendo uleule. Mzee San Kywe alikuwa ameweka sikio kifuani kwake. Alikaa hivyo muda mrefu, mtu anayejua kusikiliza vitu. Kisha akainuka.

Nilitaka kusimamisha trekta.

"Endesha," alisema.

"Mzee..."

"Endesha, mdogo wangu. Nakuomba. Imebaki maili moja."

Nikaendesha. Mbele sikuona vizuri, nilifuata tu alama za magurudumu yangu ya asubuhi.

Langoni walikuwepo watu. Bi Ohn Myaing na mtungi wa maji mkononi, majirani, na Mzee Bo Gyan amesimama katikati ya njia, kama ilivyo kazi yake. Alinyanyua mkono. Nikasimama. Sasa ilikuwa ni kelele ya jenereta tu.

"San Kywe," aliita juu ya ngurumo. "Mgonjwa anaendeleaje?"

Mzee San Kywe alifungua mdomo, akaufunga. Uongo angeweza kumwambia mtu yeyote, lakini si juu ya mwili wa mkewe.

Bi Ohn Myaing akaweka mtungi chini, akapanda kwenye trela. Akainama juu ya dada yake. Akamshika miguu. Niliona vidole vyake vikikaza kwenye vifundo vya yule marehemu, vikabaki hapo. Akavuta ncha ya shuka, akamfunika mpaka kidevuni, akauweka sawa ule mpira puani, vizuri, kama unavyomfunga mtoto kitambaa. Kisha akageuka kumkabili Mzee Bo Gyan, machozi yanamshuka, sauti yake kavu.

"Amechoka na safari, mkuu. Tumpishe akalale."

Mzee Bo Gyan alisogea mpaka ubavuni mwa trela. Alimwangalia Bi Ohn Khet usoni, muda mrefu. Yeye ndiye aliyewazungusha wengine wote nyuma ya ua, mmoja wao akiwa mtoto wa kaka yake. Kila mtu pale alijua hivyo. Aliangalia taa ya kijani. Aliangalia dainamo lake la sinema likizunguka.

"Hiyo mashine inafanya kazi?" aliniuliza mimi.

"Inafanya, mkuu."

"Basi huyu ni mgonjwa," alisema. "Mimi nimeona mgonjwa na mashine yake. Kaeni kando, watu wangu. Mgonjwa anapita."

Watu wakapisha.

Tulimbeba kwa ngazi mpaka ndani, tukamlaza juu ya mkeka wake. Jenereta wanaume wanne walilishusha kwa mianzi yake wakaliweka chini ya nyumba, waya ukapitishwa kwenye nafasi za sakafu. Mzee San Kywe alikaa kichwani kwa mkewe. Injini ilinguruma saa nzima, ikafika saa na nusu, na sisi tuliokaa barazani hatukuthubutu kutazamana. Mwishowe Bi Ohn Myaing akamgusa bega.

"Shemeji. Kazime sasa. Ameshafika."

Alishuka ngazi mwenyewe, mguu mmoja mmoja. Kimya kilipoingia ndipo wanawake walipoanza kulia. Kwenye vitabu vya kijiji imeandikwa kwamba Bi Ohn Khet alifariki nyumbani kwake, saa tisa na nusu alasiri. Akazikwa kwa kupitia lango, kama watu, na siku ya saba watawa walikuja wakasoma, tukala.

Mashine ya hewa Mzee San Kywe aliirudisha mwenyewe, na jenereta akawaachia hao hao wa chama. Walisema limeshakwenda vijiji viwili. Wakimwita kulikagua huenda, hata kalenda ikisema siku haifai. Hasa hapo ndipo huenda upesi.

Juu ya ile siku moja tuliyongoja hatukuzungumza kwa karibu mwaka. Kisha asubuhi moja nilimpelekea chai, akaiweka kando, akasema bila mimi kumuuliza:

"Tungekwenda siku ile mbaya angefika hai. Daktari alisema jana yake alikuwa na nguvu."

"Au angefia mtoni vilevile, mzee. Nani ajuaye?"

"Hakuna," alisema. "Nimeipiga hiyo hesabu kila namna. Kila nikiamka naipiga. Puli ningekuwekea jibu lake sasa hivi. Hii haina jibu." Akanywa chai ikiwa imeshapoa. "Injini ilikuwa tayari, mdogo wangu. Mimi ndiye sikuwa tayari."